Ibn al-Haytham na Mlango wa Maua

Kuna picha moja niliyoipiga Maua, kule Meru, ambayo kwa miaka sikumwonyesha mtu hapa Mombasa. Mzee ameketi kwenye kigoda ndani ya nyumba yake ya mbao, ubavu kwa mlango. Nje ya mlango ni miraa yake, miti mikongwe ambayo wenyewe huiita mbaine, na nyuma ya miti ni vilima vya Nyambene. Miti imetoka safi, matawi unaweza kuyahesabu. Mzee hakutoka. Pale alipoketi pana weusi tu, wenye umbo la mtu aliyevaa kofia.

Nilipanda huko kwa harusi. Binti yake aliolewa na kijana wa Kisauni, nami nilikuwa mpiga picha wa upande wa bwana harusi. Shughuli ilipokwisha mzee akaniita kando. Shamba lilikuwa karibu kugawanywa kwa wanawe, naye alitaka picha moja: yeye na miti yake, vile anavyoiona kutoka mahali pake pa kila siku, kabla haijawa miti ya watu wanne. Sikuona ugumu wowote. Ilikuwa saa sita, na kule jua la saa sita si mchezo, maana mstari wa ikweta wenyewe unapita kati ya mji wa Meru na Nkubu. Nikasimama kwa ndani kabisa, nikapiga. Kwenye kioo cha kamera mzee akaja kivuli. Nikaongeza mwanga ili uso uonekane. Uso ukaja, miti ikatoweka, mlango ukawa karatasi nyeupe. Nilimpelekea zote mbili, kwa ujinga wa kutojua lipi la kufanya. Ya kwanza akauliza yeye yuko wapi. Ya pili akauliza miti iko wapi. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa giza la ndani. Aliyekulia nyumba ya mawe, Lamu au Mji wa Kale, anajua kuingia kutoka jua la mtaani akasimama kidogo ukumbini, haoni mtu, anaitikia salamu ya sauti tu, mpaka macho yamzoee. (Na Maua kwenyewe giza ni jina la aina ya miraa. Mnaotafuna mnajua, nami siingii humo leo.) Nililolitafuta baada ya aibu ile ni jambo dogo: kwa nini jicho langu lilimwona mzee na miti pamoja, na kamera ya bei ile ikashindwa. Kila nilikosoma nikakutana na jina moja, ambalo nililisikia chuoni utotoni na kulisahau.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraki, mwaka 354 Hijria, yaani karibu na 965. Basra haikuwa mji wa mbali na habari zetu. Chini ya miaka mia kabla ya kuzaliwa kwake, watumwa wa Kizanji waliochimbishwa ardhi ya chumvi ya mabwawani waliasi, na mwaka 871 waasi wakaingia Basra na kuiteketeza. Mtoto yule alikulia mji uliokwisha kujengwa upya, na bila shaka ulikuwa bado unawakumbuka. Huku kwetu, wakati anasoma hesabu, watu wa Shanga katika kisiwa cha Pate walikuwa na msikiti wao zamani.

Habari za maisha yake tunazo kwa waandishi wawili hasa, Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybia, na wote wawili ni wa karne ya 13, miaka mia mbili baada yake. Kwa hiyo tuwasikilize kama tunavyowasikiliza wazee wanaosimulia ya babu wa babu yao, kwa adabu na kwa sikio moja wazi.

Ibn al-Qifti anasimulia kwamba Ibn al-Haytham, akiwa bado Iraki, alisema hadharani kwamba lau angekuwa Misri angeutengeneza mto Nile ukawa na faida mwaka mzima, ujae au upungue. Maneno yakamfikia khalifa wa Kifatimi, al-Hakim, aliyetawala Cairo tangu 996. Al-Hakim alikuwa mtu wa kuogopwa. Leo anakupa cheo, kesho anakukata kichwa. Akamwita bwana wa hesabu, akatoka mwenyewe nje ya mji kumpokea, akampa mafundi na mali, na kumwambia aende akafanye alilolisema.

Msafara ukapanda mto kuelekea kusini, mpaka Aswan na mbele yake kidogo, pale maji yanapopasuka kwenye majabali. Njiani Ibn al-Haytham alikuwa akitazama mahekalu ya watu wa kale, mawe yaliyopangwa kwa vipimo ambavyo yeye, mjuzi wa vipimo, hakuweza kuvitia kasoro. Akajiuliza swali linalomuumiza fundi yeyote mkweli: kama jambo hili lingewezekana, hawa wangeliacha? Alipofika kwenye majabali akaona kwamba haliwezekani. Si kwa zana za wakati wake. Bwawa kuu la Aswan lilikuja kumalizika mwaka 1970, zaidi ya miaka 900 baadaye, karibu na hapohapo.

Mimi nasimama hapa kila nikisoma kisa hiki. Alirudi Cairo na kukiri kwamba ameshindwa. Alimwambia nani? Mtu ambaye kukasirika kwake kulikuwa kifo. Al-Hakim akaonyesha kukubali udhuru, akampa kazi ya diwani, lakini Ibn al-Haytham hakuiamini ile huruma. Akaona mlango mmoja tu wa kutokea, akajifanya mwendawazimu. Mwendawazimu hahukumiwi. Wakamnyang'anya mali, wakamfungia nyumbani kwake, na kwa miaka akaishi hivyo, mwenye akili kuliko wote mjini akiwaigizia walinzi. Mwaka 1021 al-Hakim alitoka usiku juu ya punda wake kwenda vilima vya Muqattam na hakuonekana tena. Habari zilipothibiti, Ibn al-Haytham akarudiwa na akili yake.

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, juzuu saba juu ya mwanga na kuona, wengi hukiweka katika miaka hiyohiyo ya kifungo. Kutoka hapo watu wametunga kisa cha mfungwa aliyeona picha ya barabara imepinduka ukutani kupitia tundu la dirisha. Kisa kitamu, mimi sikiuzi.

Kilichomo ndani ya kitabu kinatosha bila kutiwa chumvi. Kabla yake wakubwa walikuwa wamegawanyika. Euclid na Ptolemy, mabingwa wa hesabu, walishika kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu, kama kipofu anavyogusa njia kwa fimbo. Wengine walisema kitu ndicho kinacholetwa kwenye jicho, lakini bila hesabu ya kuonyesha kinakuja vipi. Ibn al-Haytham akatazama jambo ambalo kila mtu analijua. Ukilitazama jua, jicho linauma. Ukitazama mwanga mkali kwa muda kisha ukageukia gizani, umbo la ule mwanga linabaki mbele yako hata umefumba macho. Kama jicho ndilo linalotoa, mbona linaumizwa na linachokigusa? Kwa hiyo mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia jichoni, kwa mistari iliyonyooka, kutoka kila nukta ya kitu.

Kisha hakutosheka na hoja. Akaenda kwenye chumba cha giza. Akapanga taa kadhaa upande mmoja wa ukuta wenye tundu, na upande wa pili, gizani, akatazama madoa ya mwanga. Kila taa ilikuwa na doa lake. Akafunika taa moja, likapotea doa moja tu, lile lililo mkabala nayo kwa mstari ulionyooka. Akaifunua, likarudi palepale. Mwanga wa taa zote ulipita katika tundu moja bila kuchanganyika. Jaribio hili unaweza kulifanya leo usiku kwa mishumaa na boksi, stima ikipotea, na huku kwetu hutangoja sana.

Ukurasa ulionigusa mimi wa Maua ni mwingine. Alitofautisha mwanga wa asili, unaotoka kwenye jua au moto wenyewe, na mwanga wa pili, unaotoka kwenye kitu kilichoangaziwa. Alionyesha kwamba ukuta mweupe uliopigwa na mwanga wa mlangoni unakuwa nao chanzo, unaangaza pembe za chumba ambazo mlango hauzioni. Akasema pia kwamba mwanga ulio mkali huficha ulio dhaifu. Nyota zipo mchana, lakini hatuzioni. Na uso wa mzee wangu ulikuwepo. Nje ya mlango jua la saa sita linaweza kufika lux 100,000, na ndani ya nyumba ya mbao yenye kidirisha kimoja pengine huna hata 100. Jicho hufanya ujanja: likiangalia miti hujikaza, likirudi kwa mzee hujilegeza, na akili inaunga vipande viwili ikasema nimeona mara moja. Kamera haina ruhusa ya kwenda na kurudi. Hupiga pigo moja na kuchagua upande.

Hapa niseme kitu ambacho najua baadhi ya wasomaji watanitumia ujumbe kukipinga. Tunapenda kuambiana, hasa mwezi wa Ramadhani kwenye makundi ya simu, kwamba Ibn al-Haytham ndiye aliyevumbua kamera, na kwamba neno kamera limetoka kwenye Kiarabu. Yote mawili si kweli. Neno ni la Kilatini, maana yake chumba. Na picha inayopita kwenye tundu ilijulikana kwa Wachina wa zama za Mozi na kwa Wagiriki wa Aristotle, karne nyingi kabla. Alichofanya Ibn al-Haytham ni kukifanya chumba cha giza kuwa mahali pa kuhoji mwanga, kwa kubadilisha jambo moja baada ya jingine, kupima, na kurudia. Wala hakupata yote. Tundu la ukuta alilijua, lakini hakukubali kwamba jicho nalo ni chumba cha namna hiyo, chenye picha iliyopinduka. Hilo lilingoja mpaka Kepler, mwaka 1604. Mtu aliyeandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Ptolemy, na aliyefundisha kwamba mtafuta ukweli aanze kwa kuwashuku wakubwa na kujishuku mwenyewe, tunamvunjia heshima tukimvisha kanzu isiyo yake.

Kazi yake niliyoiona kwa macho yangu niliiona Embu, kabla sijajua kwamba ni yake. Ilikuwa Ijumaa, 15 Januari 2010. Nilikuwa huko kwa harusi ya Jumamosi, tumelala kwenye ghala la mabati la jamaa mmoja anayeshusha muguka kutoka Mbeere. Asubuhi, mlango umefungwa, nikaona ukuta wa ndani umejaa miezi. Hilali ndogondogo, makumi, zote zimeelekea upande mmoja. Nilidhani naumwa. Kumbe jua lilikuwa limepatwa, siku ile ambayo sehemu za Kenya liliachwa pete, na kila tundu la msumari kwenye mabati lilikuwa likileta picha yake. Siku nyingine zote madoa yale ni ya duara, na hatujiulizi kwa nini tundu la msumari lililochanika vibaya linaleta duara. Ni kwa sababu lile duara ni jua.

Ibn al-Haytham aliandika risala nzima juu ya jambo hilo, umbo la kupatwa kwa jua. Aliuliza kwa nini jua lililoliwa huleta hilali kwenye tundu dogo, na tundu likipanuka hilali hupotea ikawa duara tena. Akalijibu kwa hesabu: tundu pana ni matundu madogo mengi, kila moja lina picha yake, na picha zikilaliana zinafutana. Mafundi wa lenzi mpaka leo wanaishi ndani ya jibu hilo. Sisi asubuhi ile hatukuwa na hesabu yoyote. Mmoja wetu alikumbuka swala ya kusufi, tukatia udhu kwa maji ya baridi ya Embu, yanayokata mifupa, tukasali mlemle ghalani, na zile hilali zikitembea juu ya magunia.

Sikupiga picha. Kamera ilikuwa ndani ya begi, karibu na kichwa changu. Hilo nalo nalijutia, ila kwa namna nyingine.

Uzeeni, baada ya kifungo, Ibn al-Haytham aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar. Hakurudi kwenye diwani wala kwa mfalme yeyote. Inasimuliwa kwamba kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hesabu, Euclid na Ptolemy yuleyule aliyemtilia shaka miongoni mwao, na kuviuza kwa dinari 150 za Kimisri, bei isiyojadiliwa, na ndiyo riziki yake ya mwaka. Napenda kumfikiria hivyo, mzee mwenye mwandiko mzuri, amekaa penye mwanga, ananakili makosa ya mtu mwingine kwa uaminifu bila kuyarekebisha, kwa kuwa kazi ni kazi na mteja amelipia Ptolemy. Alifariki Cairo karibu na mwaka 1040.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu na 1200, jina lake likageuzwa Alhazen, na mwaka 1572 kikapigwa chapa Basel. Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi alikisoma upya na kukisahihisha, akaeleza kwa njia yake rangi za upinde wa mvua. Iraki imeweka sura yake kwenye noti ya dinari 10,000, sura ya kubuni bila shaka, maana hakuna aliyemchora akiwa hai. Unesco nayo ilimkumbuka mwaka 2015, mwaka wa kimataifa wa mwanga, na kuhesabu miaka elfu ya kitabu kile.

Mimi nilirudi Maua mwezi wa Julai. Wapiga picha wenzangu, kama mna kazi ya kupiga nje kutoka ndani Meru au Embu, iombeni Julai. Wingu la mlima hufunika wiki nzima, nje hapawi pakali, na mlango na chumba vinakaribiana. Sikwenda saa sita. Nilimsubiri mzee mpaka baada ya Alasiri. Wenzangu walinishauri nipige picha mbili kwenye stendi, moja ya miti na moja ya uso, kisha niziunge kwenye kompyuta. Nilijaribu, lakini mzee wa miaka ile hakai kama sanamu. Anakohoa, anageuka kumfukuza kuku, na maungio yanaonekana. Flashi usoni ilimfanya aonekane amekamatwa na polisi. Basi nikamwomba mama mwenye nyumba shuka nyeupe ya kitanda, nikaitundika kwenye ukuta wa ndani mkabala na mlango, pembeni ya kamera, mahali ambapo mwanga wa nje unaipiga na kurudi kwenye shavu la mzee. Mwanga wa pili. Nikapima kwa kufuata miti, isiungue, na uso nikaachia shuka.

Haikuwa kamili. Shavu la upande wa giza lilibaki na kivuli, na kofia ilikaribia kuzama ukutani. Lakini alikuwemo, na miti ilikuwemo, kwa pigo moja.

Safari hii sikutuma. Nilichapisha kubwa na kuipeleka mwenyewe, kwa basi, imeviringwa ndani ya leso. Aliitandaza magotini, akasogea mlangoni apate mwanga, akaanza kuhesabu kwa kidole, mti mmoja baada ya mwingine, akitaja na jina la mwana atakayeurithi. Alipofika mwisho akarudia kuhesabu. Kisha akanionyesha nguzo ya mlango kwenye picha, akanieleza kwamba nyuma ya nguzo hiyo upo mti mmoja nilioukata, ule mkubwa, na kwamba itabidi nisogee kushoto.